Makato Yangu Yanaishia Wapi?
Somo juu ya Bajeti ya Taifa, Kodi na Gharama za Matibabu



Katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha msingi, ambacho jina lake sitalitaja, tulifika kwenye ajenda ya makisio ya mapato na matumizi. Bodi ilikuwa imependekeza kwamba kila mwanachama akatwe shilingi ishirini kwa kila kilo ya mazao, ili fedha hizo zisaidie kujenga chumba cha wazazi katika zahanati ya kijiji. Mwenyekiti alikwisha kuuliza kama yupo mwenye neno, na wajumbe walikuwa tayari kupitisha kwa makofi, pale alipoinuka mama mmoja, mwanachama wa miaka mingi.

"Ndugu Mkaguzi," alisema, maana aliniona nimeketi pembeni na madaftari yangu, "mimi sipingi chumba cha wazazi. Lakini hapa nakatwa, ushuru wa halmashauri nakatwa, nikinunua sabuni naambiwa humo mna kodi, na nikitoa fedha kwenye simu nakatwa tena. Mjukuu wangu alipopata homa nilipewa karatasi nikanunue dawa duka la barabarani. Nieleze basi, makato yangu yote hayo yanaishia wapi?"

Nilimjibu kwa maneno ya jumla, kwamba Serikali ina majukumu mengi na kwamba maendeleo huletwa na wananchi wenyewe. Watu walipiga makofi ya heshima. Yeye alikaa kimya, na nilimwona wazi kwamba hakujibiwa. Somo hili ni jibu lililochelewa, nami naliandika kwa ajili ya vyama vyote kwa kuwa swali lile nimelisikia tangu hapo katika mikutano mingine miwili.

Bajeti ni makisio

Mwanachama anayeelewa makisio ya chama chake amekwisha kuielewa bajeti ya Taifa kwa nusu. Chama hukadiria kitapata nini msimu ujao, kikapanga kitatumia nini, mkutano mkuu ukajadili na kuidhinisha, kisha makisio yakapelekwa kwa Mrajis. Serikali nayo hufanya hivyo hivyo. Mwaka wake wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwezi Juni Waziri wa Fedha huwasilisha bajeti Bungeni, na kwa desturi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mawaziri wenzake wa nchi jirani nao husoma bajeti zao siku hiyo hiyo. Bunge hujadili na kupiga kura ya jina kwa jina. Jambo hili si la mchezo, kwa kuwa ibara ya 90 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha bajeti ya Serikali. Vilevile ibara ya 138 inasema kwamba kodi haitozwi ila kwa sheria. Ndiyo sababu bajeti huja na sheria mbili: moja ya kuruhusu matumizi, na nyingine, Sheria ya Fedha, ya kuruhusu kodi zilizobadilishwa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Makisio ya chama yakisema kwamba chama kitanunua mizani mbili, hakuna mwanachama anayedhani kwamba mizani zimekwisha kufika ghalani. Anajua kwamba kilichopitishwa ni ruhusa ya kununua, na kwamba mvua ikikatika au bei ikianguka mizani zitasubiri. Lakini mtu huyo huyo akisikia redioni kwamba Bunge limepitisha mabilioni kadhaa kwa ajili ya dawa, huenda zahanati kesho yake akiitazama rafu. Zipo hesabu tatu, nazo hazilingani: fedha iliyoidhinishwa, fedha iliyotolewa na Hazina, na fedha iliyotumika. Ya kwanza husomwa mwezi Juni mbele ya waandishi wa habari. Ya pili na ya tatu huonekana polepole, katika taarifa za utekelezaji za wizara na katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mimi kama mkaguzi husoma ya tatu kwanza, kisha nikarudi nyuma.

Nani hulipa kodi

Nimewasikia wakulima wakisema kwa masikitiko, na maofisa wakisema kwa kejeli, kwamba mkulima halipi kodi. Maneno hayo yalikuwa na mwanga kidogo baada ya mwaka 2003, ilipofutwa kodi ya maendeleo ambayo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa. Wajukuu wa waliotozwa kodi ya kibanda na Wajerumani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1890 waliacha kukimbizwa na mgambo porini. Lakini kodi haikwisha. Ilihama tu kutoka kwenye kichwa ikaingia kwenye bidhaa.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza nchini mwaka 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, ikapunguzwa kuwa asilimia 18 mwaka 2009. Tuchukue mfano wa mwanachama aliyenunua baiskeli yenye kodi hiyo kwa shilingi 236,000. Wengi hukosea kwa kutafuta asilimia 18 ya bei yote. Hesabu sahihi ni kugawanya bei kwa 118 na kuzidisha kwa 18, nayo inatoa shilingi 36,000. Hizo ni za Hazina, naye muuzaji ni mkusanyaji tu. Asipotoa risiti, fedha hiyo umekwisha kuilipa wewe, ila haifiki Hazina. Inabaki mfukoni mwake. Vyakula visivyosindikwa na dawa nyingi vimesamehewa kodi hii, jambo ambalo ni la haki. Lakini muda wa maongezi wa simu hubeba ushuru wa bidhaa pamoja na hiyo kodi ya ongezeko la thamani, soda na bia zina ushuru wake, na kila lita ya petroli imebeba tozo kadhaa. Mwaka 2023 iliongezwa shilingi 100 nyingine kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mama akipanda bodaboda kumpeleka mtoto zahanati, kodi imekwisha kupanda pamoja naye.

Kuna pia ushuru wa mazao, unaokwenda halmashauri. Tangu mwaka 2017 kiwango chake kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kisheria anayelipa ni mnunuzi. Lakini tuseme ukweli: mnunuzi anayejua kwamba atalipa shilingi tatu katika kila mia huzitoa kwanza kwenye bei anayoitaja mnadani. Mwanachama aliyeuza mazao ya biashara ya shilingi 1,000,000 amechangia halmashauri yake shilingi 30,000, awe ameziona kwenye hati ya malipo au hakuziona. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya shilingi 30,000. Tutakutana nayo tena.

Fedha za afya zimo katika mafungu gani

Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Zaidi ya theluthi mbili ilitarajiwa kutoka mapato ya ndani, na iliyobaki mikopo na misaada. Kabla ya wizara yoyote kugawiwa, lipo Fungu 22, la Deni la Taifa, ambalo halingoji. Mfuko Mkuu wa Hazina huanza kulipa deni, kama vile chama kinavyoanza kurudisha mkopo wa pembejeo wa benki kabla ya kumlipa mwanachama malipo ya pili. Halafu huja mishahara. Kinachobaki ndicho cha kugombaniwa.

Mwananchi anayetaka kujua afya imepata nini hufungua Fungu 52, Wizara ya Afya. Akifanya hivyo kwa mwaka 2024/25 ataona karibu trilioni 1.3, katika bajeti ya trilioni 49.35. Atagawanya, atapata chini ya asilimia 3, naye atakasirika. Hasira hiyo ina sababu, lakini hesabu ina kasoro. Fungu 52 hubeba zaidi hospitali kubwa, taasisi na kazi za kitaifa za wizara. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na fedha zake hupitia Ofisi ya Rais, TAMISEMI, yaani Fungu 56, na mafungu ya mikoa. Mshahara wa muuguzi wa kijijini kwako hauko Fungu 52. Anayetaka jumla ya afya lazima akusanye vipande kutoka mafungu mengi, kazi inayochosha hata wenye digrii.

Ugumu huo huo hufanya ubishi usiokwisha juu ya ahadi ya Abuja. Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana katika mji huo wa Naijeria wakaahidi kutenga walau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazikufika, na yetu kwa miaka mingi imekuwa chini ya kiwango hicho. Lakini angalieni jinsi hesabu hii inavyoweza kuchezewa. Ukitoa deni la Taifa kwenye jumla kwanza, asilimia ya afya inapanda bila kuongezwa hata panadoli moja. Mtu akikutajia asilimia, muulize ni asilimia ya nini. Sisi wakaguzi tumezoea swali hilo kwa makatibu wa vyama wanaosema hasara imeshuka.

Tulivyolipia matibabu huko nyuma

Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika hospitali za Serikali hayakulipiwa mlangoni, na mwaka 1977 sheria ilizuia huduma za tiba za watu binafsi kwa ajili ya faida. Watu husema wakati ule tulitibiwa bure. Bure haikuwapo. Tulilipia kwa kodi na kwa bei za mazao, na tukaumwa pamoja. Vita vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei za mazao yetu vilipoikausha Hazina, zahanati zilibaki na majengo na wauguzi wavumilivu, lakini dawa zikawa haba. Huduma binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na kuanzia mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama. Sera iliwasamehe mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Msamaha huo upo. Lakini msamaha wa kulipia dawa ambayo haipo haumsaidii mgonjwa, na ndilo lililompata yule bibi na mjukuu wake.

Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilianza majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Kaya ilichangia mara moja kwa mwaka, na Serikali iliahidi kuongeza kiasi kile kile, utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Mfuko ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango wa kaya ya watu sita ulipangwa kuwa shilingi 30,000 nje ya Dar es Salaam. Ndiyo ile hesabu niliyowaomba mwikumbuke. Kwa kila milioni moja ya mauzo ya mazao ya biashara, ushuru unaokwenda halmashauri ulikuwa sawa na kinga ya matibabu ya kaya nzima kwa mwaka. Sisemi ushuru huo ungehamishwa wote, kwa kuwa halmashauri ina barabara na shule pia. Nasema tu kwamba diwani anayeomba kura yako anapaswa kuijua hesabu hii kichwani.

Jengo na dawa

Sasa nafika mahali ambapo mkutano wetu ulihitaji kusimama zaidi. Bajeti ya Serikali imegawanyika pande mbili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Jengo ni maendeleo. Mshahara wa mkunga, dawa, umeme, mafuta ya gari la wagonjwa, na glavu ni matumizi ya kawaida. Jengo hulipiwa mara moja, huzinduliwa, hukatwa utepe. Matumizi ya kawaida hayana utepe. Hurudi kila mwezi, mwaka hadi mwaka, kama chakula cha mlinzi wa ghala.

Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba ya mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikaondolewa. Fedha zilizopatikana zilielekezwa, pamoja na mambo mengine, kujenga vituo vya afya katika tarafa na madarasa. Majengo yapo, mtu anaweza kuyagusa, na sitamkejeli mtu aliyeyajenga katika tarafa ambako mama mjamzito alikuwa akibebwa kwa machela. Lakini tozo ilipopungua, vituo havikupungua. Kila kimoja kilizaa mahitaji ya kudumu ambayo lazima yaombewe fedha upya kila Juni. Kujenga bila kuandika katika makisio gharama ya kuendesha ni sawa na chama kununua lori kisha kumwuliza dereva kama ana fedha ya dizeli.

Lipo na la pili. Sehemu ya huduma zetu za afya, hasa dawa za UKIMWI, imetegemea kwa muda mrefu fedha za wafadhili. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja. Nchi zilizokuwa zimeizoea zililazimika kutafuta fedha nyumbani, na bajeti yetu ya 2025/26 iliongeza baadhi ya ushuru kwa ajili ya UKIMWI na bima ya afya. Chama kinachoendeshwa kwa ruzuku ya mfadhili tunakijua. Siku mfadhili anapoondoka hata kufuli la ofisi huwa lake.

Bima

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na humo umewekwa mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, unaotegemea vyanzo kama ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kwa mwana ushirika bima si jambo geni. Ni mtaji wa pamoja: wengi wazima huweka, wachache wagonjwa huchukua, na zamu hubadilika. Huharibika pale tu wanapoingia wagonjwa peke yao. Hilo lilionekana mwaka 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliposimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi na kuelekeza watoto waandikishwe kwa pamoja kupitia shule. Wazazi wengi waliumia, nami nina ndugu miongoni mwao. Lakini sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuona chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama hujiunga leo na kukopa kesho. Kwa wakulima njia ya kuandikishwa pamoja ni chama, na ndivyo ulivyokusudiwa ule mpango wa Ushirika Afya. Bodi zisiamue makato ya bima gizani, bali zilete mkutanoni karatasi inayoonyesha mchango, nani ameingizwa, na kituo gani kitawapokea.

Mwezi wa kusema

Juni ni mwezi wa kusikia. Mwezi wa kusema ni mapema zaidi. Mahitaji ya zahanati huanzia kwenye mpango wa kituo chenyewe na mkutano wa kijiji, hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, huingia katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ndipo huenda mkoani na Hazina. Safari hiyo hufanyika kati ya mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata, wakati wengi wetu tuko shambani. Likikosekana kwenye mpango wa kituo mwezi wa kumi na mbili, hata mbunge mwenye sauti kubwa kiasi gani hataliingiza mwezi wa sita.

Tena, kuanzia mwaka 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati. Kwa hiyo zahanati ina akaunti, ina vitabu, na ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Kamati hiyo ni kama bodi yenu. Mapato na matumizi yanapaswa kubandikwa mahali pa wazi, na mwananchi kuyauliza si ukorofi.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia yule mama. Niliporudi katika chama kile baada ya miezi minne nilikuta ameyatafuta mwenyewe. Mkutano ulikuwa umeahirisha makato ya shilingi ishirini, ukawatuma watu watatu, yeye akiwa mmoja wao, kwenda kuonana na kamati ya zahanati. Walikuta ubao wa matangazo umebandikwa kalenda ya miaka miwili iliyopita. Walikuta pia kwamba fedha za robo mwaka zilikuwa zimefika, kwamba oda ya dawa ilipelekwa Bohari ya Dawa ikarudi nusu, na kwamba nafasi mbili za wananchi katika kamati zilikuwa wazi kwa sababu hakuna aliyejitokeza kugombea. Moja sasa ameijaza yeye. Juu ya chumba cha wazazi alimwuliza mganga mfawidhi swali moja tu: kikijengwa, mkunga wa usiku ameandikwa katika mpango wa mwaka gani? Mganga aliahidi kuliuliza halmashauri.

Jibu halijafika. Kipengele cha shilingi ishirini kwa kilo kingali katika makisio ya chama. Katibu amekiandika kwa kalamu ya risasi.